Kisu Nambari Saba

Naanza na maelezo ya kifaa, kwa sababu ndivyo nilivyofunzwa: kwanza kitu, kisha mtu aliyekichukua, kisha sababu. Kifaa ni kisu cha kukunja cha mafundi wa umeme. Mpini wake ni wa plastiki nyeusi yenye ukanda mwekundu, na urefu wake, kikiwa kimekunjwa, ni wa kiganja cha mtu mzima. Ndani yake mna bapa la kukatia, bapa jingine fupi lililopinda kama ukucha wa mwewe kwa kuchunia ganda la waya mnene, bisibisi ya ncha pana na bisibisi ya nyota. Kwenye shina la bapa kubwa pana kipengo kidogo cha kuchunia waya mwembamba. Ubavuni mwa mpini, kwa ncha ya msumari uliotiwa motoni, imechorwa tarakimu saba. Aliyeichora ni mimi.

Watu wengi wakiiona plastiki ile hudhani kwamba umeme hautawapata. Nilimwambia kila fundi aliyekichukua: zima kwanza, kata baadaye. Nayaandika haya ili isije ikasemwa kwamba nilivitoa visu bila onyo.

Nilikuwa mtunza bohari katika ofisi moja ya umma hapa Kwale kwa miaka thelathini na mmoja. Ofisi yenyewe siitaji, maana walioko leo si wale wa wakati wangu, na makosa ya siku moja hayawahusu wote. Visu vya aina hii vilikuwa kumi na viwili, na kila fundi alikuwa na chake. Akienda likizo alikirudisha, akirudi alikichukua, na kila safari sahihi mbili, yake na yangu.

Palikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa na mkubwa yeyote. Niliiweka mwenyewe na nikaishi nayo: kitu hutoka dirishani na hurudi dirishani. Dirisha la bohari lilikuwa na kibao cha mninga, na juu ya kibao lilikaa daftari. Sikupokea kitu njiani, wala uwani mwa msikiti, wala harusini. Jumapili moja fundi mmoja wa umeme, mtu wa bara aliyepata shamba Bongwe na kukaa huko na jamaa zake, alileta ngazi ya ofisi mpaka nyumbani kwangu. Nilimwambia airudishe kwake, ailete Jumatatu dirishani.

Mke wangu alikuwa barazani akichambua mchele. Alisema, "Mwenzio kabeba ngazi kutoka Bongwe jua hili lote, nawe wamrudisha kwa sababu ya dirisha?"

"Sheria ni sheria."

"Basi aitie hata uani, kesho uende nayo."

"Uani si bohari."

"Ala! Na mimi mkeo naona bado hujanipa nambari," alisema, na fundi akacheka hata ikambidi aishushe ngazi. Mke wangu alimwekea chai na kaimati. Yule bwana alikula, akashukuru, akaibeba ngazi yake akaenda zake. Tangu siku hiyo aliniita Mzee wa Dirisha, mbele yangu na nyuma yangu. Kisu chake kilikuwa nambari saba.

Sasa nafika kwenye Alhamisi ambayo kwayo naandika, na hapa sina budi kusema wazi kwamba kumbukumbu yangu ina pengo. Mke wangu alikuwa ameugua miezi mitatu. Wiki hiyo daktari alituambia tumrudishe nyumbani, na nduguye wa kike, shemeji yangu wa Msambweni, alikuja kumuuguza. Alasiri hiyo simu ililia bohari. Shemeji alisema maneno mawili tu, "Shemeji, njoo." Kinachofuata katika kumbukumbu yangu ni mlango wa nyumba yangu. Baina ya simu na mlango hamna kitu. Nimejaribu mara nyingi kupaona hapo kati, na ni kama ukurasa uliochanwa vizuri, pasipo hata ukingo uliosalia.

Alifariki siku ya pili, jua likichomoza. Alizikwa baada ya swala ya Ijumaa. Watu walikuja wengi, na matanga yalikaa siku tatu. Nilikula nilichowekewa. Nilijibu nilipoambiwa pole. Sikulia, na sikujizuia kulia; hapakuwa na cha kuzuia. Siku ya nne, Jumanne, nilirudi kazini, nikachukua funguo kwa bawabu, nikafungua bohari, nikafuta vumbi kibao cha mninga. Kulikuwa na kazi, nami niliifanya.

Wiki tatu baadaye tulihesabu vifaa vyote, kwa kuwa nilikaribia kustaafu na bohari ilitakiwa kukabidhiwa. Kisu nambari saba hakikuwapo. Daftari lilionyesha kwamba fundi wa Bongwe alikichukua, na upande wa kurudisha palikuwa patupu. Fundi alikwisha rudi kutoka likizo naye alikuwa akifanya kazi kwa kisu cha kuazima. Nilimwita dirishani.

"Shikamoo, Mzee wa Dirisha."

"Marahaba. Kisu chako kiko wapi?"

"Si nilikupea, Mzee? Alhamisi, kabla niende likizo. Nilikupea mkononi, hapo kwa geti."

"Mimi sipokei kitu langoni. Hilo lajulikana na ofisi nzima."

"Najua. Lakini siku hiyo ulipokea."

Nilimwonyesha pale patupu. Alipaangalia, akaniangalia mimi. Niliandika ripoti siku ile ile. Sikuiandika kwa hasira. Kama ningekuwa na hasira, pengine ningeirarua kesho yake. Niliiandika kama mtu ajazaye fomu, kwa mwandiko mzuri, nikaeleza kwamba fundi amepoteza kifaa cha ofisi na amedai jambo lisilowezekana.

Kikao kilikuwa cha watu watatu: ofisa wa utumishi, fundi, na mimi. Ofisa aliuliza kama pana shahidi. Fundi alisema hapana. Kisha ofisa, ambaye alikuwa mtu makini na namsifu kwa hilo, aliuliza swali ambalo mimi sikulitazamia.

"Alhamisi hiyo unayoisema, mtunza bohari ulimwona katika hali gani?"

Fundi aligeuka akanitazama. Feni ilikuwa ikizunguka juu yetu, na nakumbuka niliona kwamba mhimili wake umelegea na wahitaji kukazwa.

"Alikuwa tu sawa," alisema.

Basi iliwekwa barua ya onyo katika jalada lake, kwamba amepoteza kifaa na kusema uongo. Alikuwa wa kwanza katika orodha ya kupandishwa kuwa msimamizi wa mafundi, naye akaondolewa. Baada ya miezi michache aliacha kazi. Mwisho wa mwaka nami nilistaafu, nikapewa saa ya ukutani na maneno mazuri. Katika maneno hayo lilikuwamo hili: kwamba katika miaka yangu yote bohari haikupoteza kitu kwa uzembe wa mtunzaji wake. Nilipiga makofi na wengine.

Nyumbani sikuwa na mengi. Niliswali, nilisikiliza redio, nilitia maji michungwa. Nguo za marehemu zilikuwa katika sanduku chumbani. Ada yetu ni kuzitoa sadaka, na shemeji alinipigia simu kila baada ya miezi kadhaa.

"Nguo za dada zangoja nini, shemeji?"

"Ziko salama. Nimezihesabu."

"Sikuulizi idadi. Kuna watu wahitaji nguo, na yeye ahitaji thawabu."

Ilipita miaka miwili hivi. Shaabani iliyopita alikuja mwenyewe kutoka Msambweni na mabegi mawili matupu, hakuuliza ruhusa, akafungua sanduku. Mimi nilikaa kwenye kiti mlangoni. Alitoa kanga moja moja, akazikung'uta, akazikunja upya. Katikati ya rundo palikuwa na leso iliyofungwa fundo. Aliifungua, akanyoosha mkono kwangu.

"Kisu chako hiki."

Nilikijua kabla ya kukishika. Nilikigeuza nikaona tarakimu saba.

"Si changu," nilisema. "Ni cha ofisi. Umekipata wapi?"

"Hapa, unaponiona. Nilikifunga mwenyewe tulipokwisha kumwosha dada na kumtia kafuri. Kwani hukumbuki?"

"Sikumbuki."

Aliacha kukunja. Shemeji yangu ni mtu wa maneno mengi, lakini hapo alikaa kitandani kwanza, akaweka mikono mapajani.

"Tulitaka chuma cha kumwekea tumboni," alisema. Kwetu maiti huwekewa kitu cha chuma juu ya tumbo, lisije likavimba kabla ya kuoshwa, na mara nyingi huwa ni kisu. "Visu vya jikoni vyote vilikuwa nje kwa watu wa vitunguu. Nikaja hapo hapo ulipokaa sasa, nikakwambia, shemeji, tupe chuma. Ukatia mkono mfukoni mwa koti, ukanipa hiki. Nikakigeuza, nikakuuliza, chafungukaje? Ukanijibu, hakifunguliwi bila sahihi."

"Nilisema hivyo?"

"Wallahi ulisema. Kina mama wakaangua kicheko ndani ya chumba cha maiti, Mungu atusamehe. Mmoja akasema, huyu hana hata chozi. Nikawaambia mwacheni, ndivyo aliavyo huyu."

Aliendelea kukunja. Mimi nilibaki na kisu mkononi. Nilikuwa nikingoja jambo linipate, huzuni au haya au chochote, lakini lililonijia lilikuwa la kikazi: kwamba kitu kilikuwa mikononi mwangu tangu Alhamisi ile, kwamba fundi alisema kweli, na kwamba ripoti ya uongo katika jalada lile ilikuwa yangu. Niliomba karatasi.

Asubuhi nilikwenda ofisini. Dirisha langu limezibwa kwa tofali, na sasa watu huingia mlangoni na kukuta karani mbele ya kompyuta. Nilimweleza kwa utaratibu. Alibofya, akasoma, akatikisa kichwa.

"Mzee, hiki mfumo waonyesha kimefutwa. Siwezi kupokea kitu kisichokuwapo."

"Kipo. Hiki hapa juu ya meza yako."

"Kwenye mfumo hakipo."

"Basi ondoeni onyo kwenye jalada la fundi. Nimeleta maelezo kwa mwandiko wangu, na sahihi."

"Jalada la mtu aliyeacha kazi halifunguliwi mpaka aombe mwenyewe kwa barua, na barua ijadiliwe." Alinirudishia kisu kwa adabu, akatabasamu. "Nenda nacho tu nyumbani, baba. Ukamenyee machungwa."

Nimetukanwa mara chache maishani, na hakuna tusi lililoniuma kuliko hilo. Ofisi iliyochukua siku mbili kuandika kosa la mtu asiye na kosa haikuwa na hata mstari mmoja wa kuandikia kosa la aliyekosa. Ningekuwa nyuma ya dirisha langu, mtu angeleta kitu kilichofutwa, nacho kipo, ningefungua ukurasa mpya. Nililisema hilo, kwa sauti iliyowafanya watu wa chumba cha pili kuchungulia. Karani alisubiri nimalize, kisha akamwita aliyefuata.

Nilishuka Kombani. Niliambiwa fundi ana kibanda hapo, karibu na soko, na nilimkuta akifunga upya waya za mota ya pampu ya maji. Nywele zimeanza kuingia mvi. Aliinuka.

"Shikamoo, Mzee wa Dirisha. Leo umetoka mpaka nje?"

"Marahaba." Nilikiweka kisu mezani, kati ya waya za shaba.

Aliweka waya chini. Kisha alikigeuza. "Saba," alisema.

"Kilikuwa nyumbani kwangu. Ulinipa langoni kama ulivyosema. Nilikukosea, na nimekuja kuliandika."

Alifungua bapa lililopinda, akalijaribu kwenye kipande cha waya, ganda likatoka mara moja. Alilikunja tena. Hakuniuliza kilikuwa wapi hasa nyumbani, nami sikumwambia.

"Siku hiyo, Mzee," alisema, "ulitoka mbio ukaacha funguo kwenye kufuli ya stoo. Zote. Mimi ndiye nilizitoa nikampea bawabu. Nikamwambia aandike ni wewe umeacha kwake."

Nilimwambia hilo haliwezekani. Jumanne ile nilizichukua funguo kwa bawabu, na katika kitabu chake palikuwa pameandikwa kwamba zimekabidhiwa na mtunza bohari. Nilipaona kwa macho yangu.

"Ndiyo, imeandikwa," alisema. "Nilisimama hapo wakati anaandika."

Nilikaa kwenye debe lililopinduliwa. "Mbona kikaoni hukusema? Ofisa alikuuliza nilikuwa katika hali gani."

"Ningesema nini? Kwamba uliacha stoo wazi na umebakisha miezi uende pensheni? Na mama ndio tu amezikwa?" Alifuta mikono kwa kitambaa. "Mama alinipea chai siku ya ngazi. Wewe hukutaka hata niishushe."

Kisha aliniambia lililokuwa likimsumbua. Amekuwa akifanya kibarua cha siku, leo Diani, kesho Chale, kesho kutwa hapa kibandani. Hoteli moja ya Diani ilitaka kumwajiri fundi wa kudumu na ilimpendelea yeye, lakini ilipouliza ofisi yetu ya zamani ilijibiwa kwamba ana onyo la upotevu na uongo. Alipewa mpaka Alhamisi kuleta maelezo. Watoto wake wawili walikuwa shule. Hakuwa na maelezo ya kupeleka zaidi ya yale yale ambayo nilikwisha yakataa mimi.

"Nitakwenda nawe," nilisema. "Na funguo nitaziandika."

"Hiyo usiandike. Itakuharibia."

"Nimestaafu. Andiko la nusu si andiko."

Tulikwenda. Mkuu wa utumishi wa hoteli alikuwa mwanamke wa makamo, mwenyeji wa Msambweni, mwenye buibui na miwani ya kusomea. Alitukaribisha, akauliza hali za nyumbani kama inavyopasa, kisha akasoma karatasi yangu taratibu, mara mbili. Fundi alikaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini, kisu kikiwa mezani mbele yetu.

"Baba," alisema, "hapa umeandika kisu kilikuwa miongoni mwa vitu vya nyumbani. Miaka miwili, bila ya wewe kujua?"

"Ndiyo."

"Miongoni mwa vitu gani? Samahani. Nikipeleka hili juu, wataniuliza. Watasema mzee amekuja kumsaidia rafiki yake."

Alikuwa na haki. Kama mtu angeniletea dirishani maelezo yasemayo "miongoni mwa vitu vya nyumbani", ningemrudishia ayaandike upya. Nilitazama karatasi yangu, na nikaona kwamba palipohitajika neno moja sahihi nilikuwa nimeweka maneno matano ya kujificha.

"Kilikuwa katika sanduku la mke wangu," nilisema, "ndani ya leso. Kabla ya hapo kilikuwa juu ya tumbo lake. Alifariki. Wanawake walitaka chuma, na kisu hiki kilikuwa mfukoni mwangu kwa kuwa bwana huyu alinipa jana yake nilipokuwa nikikimbilia nyumbani. Nilikitoa kwa mkono wangu. Mke wangu amekufa, na mimi nilikitoa, na sikuandika."

Nilisikia sauti yangu ikisema neno lile, amekufa. Kwa miaka miwili nilikuwa nikisema marehemu, kama cheo.

Yule mama alivua miwani. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema.

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa. "Hukuniambia, Mzee."

"Hukuuliza."

"Yatosha, baba," alisema mkuu wa utumishi. "Nimeelewa. Nitalipeleka juu mwenyewe; huyu bwana aanze kazi Jumatatu. Hili la mwisho si lazima liandikwe."

"Liandike, mwanangu. Lote."

Aliandika chini ya maneno yangu, kwa mwandiko wa mviringo, akanigeuzia karatasi. Nilisoma. Nilitia sahihi, na fundi akatia yake kama shahidi. Kisha yule mama alikiinua kisu kwa vidole viwili, kwa heshima, kana kwamba sasa kimekuwa kizito.

"Na hiki, kinakwenda na nani? Ofisi haikitaki."

Fundi alinitazama. Hakunyoosha mkono.

"Nami," nilisema, na nikamwomba anipe karatasi nyingine niandike kwamba nimekipokea. Katika miaka thelathini na mmoja nilitia sahihi maelfu ya mara, na zote zilikuwa upande wa bohari. Ilinibidi nifikiri kidogo jina langu likae wapi.

"Hali ya kifaa?" aliuliza yule mama, akinisaidia kwa uso usiocheka.

Nilifungua bapa kubwa, nikafungua lililopinda, nikafungua bisibisi zote mbili, nikazikunja moja baada ya nyingine. Nilikisogeza puani. Katika bawaba, baada ya muda wote huo, mlikuwa bado na harufu ya kafuri.

"Kizima," nilisema.

Akaandika: kizima.